Risasi za zamani au za kisasa: ni nini kimekula mtutu wa .303 ya marehemu baba?

#1 Kiota_Nyali
Salaam wadau. Nina bunduki ya .303 ya bolti aliyoniachia marehemu baba. Aliwindia enzi zake, na tangu uwindaji upigwe marufuku hapa Kenya 1977 ikawa ya shabaha tu. Cheti kiko kwa jina langu na risasi zimo kwenye hesabu, kwa hiyo huko tusipotezee muda.

Ninazo risasi za aina mbili. Za kwanza ni za baba, za kijeshi, zimefungwa karatasi ya kaki, kitako cha ganda kina chapa ya 7 na mwaka 1950. Za pili nimenunua mwenyewe, za kisasa, pakiti imeandikwa kwamba fataki zake hazileti kutu. Bei yake inauma.

Jumamosi nilipiga 20 za baba. Zote ziliingia ndani ya upana wa kiganja kwa mita 100. Jioni ileile nikafanya alivyonifundisha mzee: birika la maji yaliyochemka nikalimimina ndani ya mtutu, nikapangusa, nikapaka mafuta, nikailaza bunduki ndani ya mkoba wake. Jumapili tulikuwa harusini Kisauni. Jumanne nafungua, napitisha kitambaa cheupe, kinatoka na rangi ya hina. Nikamulika tochi: mbele kidogo ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kuna madoadoa mekundu, na nikipitisha kidole kwenye uso wa bolti nasikia ukwaruzo kama mchanga mwembamba.

Nimeumia. Hii bunduki ndiyo kitu pekee cha mzee nilichobaki nacho. Nimalize risasi zake au niziache kabisa? Na kama nilisafisha, kutu imetoka wapi?

#2 Fundi_Majengo
Ziache. Risasi zitapatikana nyingine, mtutu wa .303 huupati Marikiti kwenye meza ya nyanya.

#3 Mwalimu_wa_Kemia
Pole sana ndugu. Ngoja nieleze, maana watu wengi hudhani ni baruti inayokula chuma. Siyo baruti, ni fataki, kile kidude kidogo kwenye kitako cha ganda kinachogongwa na pini.

Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ni ileile iliyo kwenye kichwa cha njiti ya kiberiti unachowashia jiko. Ikilipuka inatoa oksijeni yake, na kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo inatandazwa ndani ya mtutu kwa moto na shinikizo, inashika kwenye mikato, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Peke yake ikiwa kavu haina neno. Ikinywa unyevu wa hewa, ndipo chuma kinaanza kuliwa.

Fataki za kisasa zinatumia stifnati ya risasi (hapa risasi ni lile madini) pamoja na nitrati ya bariamu. Hizo haziachi chumvi ya aina hiyo. Risasi zako za 1950 zenye chapa ya 7 ni Mark 7 ya kijeshi, na mimi ningezihesabu kuwa ni za chumvi bila kubishana.

#4 Pweza_wa_Likoni
Mwalimu umesema vizuri lakini naomba nipinge. Mimi napiga .22 peke yake, risasi za kisasa, hazina chumvi hata chembe. Na bolti yangu imeota kutu mara tatu! Nakaa hatua chache kutoka ufuoni. Mabati ya nyumba yangu yanatoboka kabla deni lake halijaisha, bawaba za milango nabadilisha kila mwaka. Mtu wa Mombasa akiona kutu halafu akaanza kutafuta klorati, ni kama mtu aliyelowa mvua anauliza ni bomba gani limepasuka. Ni hewa ya bahari, yakhe.

#5 Mwalimu_wa_Kemia
@Pweza_wa_Likoni hoja yako nzito na sitaipuuza. Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu inapoanza kuyeyuka yenyewe kwa kunywa maji ya hewa. Chumvi ya mezani ni karibu asilimia 75. Kloridi ya potasiamu ya fataki ni karibu 84. Alfajiri ya mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea, kipima unyevu changu hapa Tudor kinasoma 88, 90. Kwa hiyo zote mbili zinalowa.

Lakini angalia kutu ilipo. Hewa ya bahari inakula nje: mdomo wa mtutu, skrubu, mkono wa bolti. Ya ndugu yetu iko ndani, mbele ya chemba na usoni mwa bolti, palepale moshi wa fataki unapopita. Hiyo ni saini.

#6 Mzee_Karakana
Vijana, hamjambo. Nimekaa karakana ya silaha miaka 22 na hizi .303 nimezilea. Risasi za chumvi tulizipiga kwa maelfu na mitutu ilibaki inang'aa kama kioo. Siri ilikuwa maji yanayochemka na faneli, tunamimina upande wa chemba, mdomo wa mtutu ukiangalia chini, mpaka chuma kinakuwa cha moto hushikiki. Kisha mdeki na kitambaa kikavu, mafuta, na kesho yake unarudia. Kesho kutwa unarudia tena. Mwanangu Kiota, wewe ulisafisha mara moja ukaenda harusini.

Kisha nikwambie jambo jingine. Mark 7 ya Kiingereza baruti yake ni kordaiti, vile vijiti vinavyofanana na tambi. Kordaiti inawaka kwa joto kali mno kwa ajili ya nitrogliserini. Mahali unaposema, mbele ya chemba, ndipo inapochoma. Huenda unachokiona siyo kutu bali ni chuma kilicholiwa na moto tangu enzi za baba yako.

#7 Binti_Shabaha
Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, kuliwa na moto hakutoi rangi ya hina kwenye kitambaa. Mtutu uliochomwa na kordaiti unaonekana wa kijivu, kama ngozi ya mamba, na mikato inaanza mbali zaidi. Wekundu ni kutu, hakuna jina lingine.

Mimi nina swali kwa Kiota: huo mkoba ni wa nini? Kama ni wa ngozi, mtuhumiwa tunaye tayari. Ngozi inavuta unyevu na ile dawa iliyotengenezewa haipatani na chuma. Mkoba wa sponji nao ni uleule. Yangu nililaza kwenye sponji wiki mbili, kutu ikajichora kwa umbo la sponji, vishimo vishimo, pande moja tu. Nililia.

#8 Mlenga_Tanga
Salaam kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Tanzania bado tunawinda kwa vibali. Ninavyojua mimi, njia rahisi ya kutambua ni ganda: la shaba halina chumvi, la chuma lililopakwa rangi lina chumvi. Za kwake kama ni shaba basi mnamsingizia fataki bure.

#9 Mswahili_Ujerumani
@Mlenga_Tanga hapana kaka, hilo limepotosha wengi. Ganda ni ganda na fataki ni fataki. Zipo risasi tele za ganda la chuma ambazo fataki zake ni safi, na zipo za ganda la shaba linalong'aa kama pete ambazo ndani ni klorati tupu. Za Kirusi za 7.62 za akiba ya kijeshi ni za chumvi hata pale ganda linapopendeza. Hata idadi ya vitundu chini ya fataki, kimoja au viwili, haikwambii kitu.

Kinachosaidia ni kujua kiwanda na mwaka. Huku Ujerumani kiwanda cha RWS kilitoa fataki isiyo na chumvi, Sinoxid, miaka ya 1920, na Remington wa Marekani wakatangaza ya kwao, Kleanbore, 1927. Lakini majeshi yalichelewa makusudi, kwa sababu fataki ya klorati ilihimili kukaa ghalani miaka mingi bila kuharibika. Jeshi la Marekani liliendelea nayo kwenye risasi zake za .30-06 mpaka miaka ya mwanzo ya 1950, isipokuwa risasi za ile karabini ya M1, ambazo zilikuwa safi tangu mwanzo: ilikuwa na bomba la gesi ambalo askari hakuweza kulifungua alisafishe.

#10 Mlenga_Tanga
Nimekubali, nimejifunza. Ila huku kwetu wazee wa gobore hata hawaulizi. Babu yangu akishapiga anaosha kwa maji mengi kama anaosha sufuria, anaianika juani, anapaka mafuta ya nazi. Gobore lake limemzika yeye.

#11 Binti_Shabaha
Mafuta ya nazi usimpe mtu ushauri huo Mombasa! Yakikaa yanachacha, yanaganda, na bolti inakuwa nzito kama imepakwa asali. Mafuta ya cherehani ni bora mara kumi.

#12 Mswahili_Ujerumani
Mafuta yoyote yale, ya nazi, ya cherehani, ya taa, hayayeyushi chumvi. Huu ndio moyo wa jambo. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika blanketi tu, na unyevu unapenya polepole chini yake. Mkemia wa Marekani, Wilbert Huff, wa Idara ya Migodi, alilionyesha hilo 1922. Kabla yake watu walilaumu asidi ya baruti mpya isiyo na moshi, wakabuni kila aina ya mafuta ya kuua asidi, na mitutu ikaendelea kuoza. Kumbe enzi za baruti nyeusi chumvi ilikuwepo vilevile, ila masizi yalikuwa mengi kiasi kwamba kila mtu alilazimika kuosha kwa maji. Baruti ikawa safi, watu wakaacha maji, chumvi ikabaki. Babu wa Mlenga alikuwa sahihi kwenye maji.

#13 Fundi_Majengo
Mimi niliambiwa ukimaliza za chumvi, piga tano au kumi za kisasa, zinafagia mtutu. Pia kuna ile dawa ya kufutia vioo, yenye amonia, inaua chumvi.

#14 Mwalimu_wa_Kemia
Yote mawili hapana. Risasi ya kisasa haioshi chochote, inakandamiza uchafu mpya juu ya wa zamani. Na amonia haina ugomvi na chumvi, haiiui wala haiigusi. Dawa ya vioo inasaidia kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Unalipia rangi ya buluu.

Hata kuchemsha, Mzee anisamehe, si lazima kwa ajili ya kuyeyusha. Kloridi ya potasiamu inayeyuka gramu 34 hivi kwa mililita 100 za maji ya kawaida, na 56 kwa yanayochemka. Kwa uchafu kidogo wa mtutu mmoja, ya kawaida yanatosha na kubaki. Faida ya kuchemsha ni kwamba chuma kinapata moto, kinajikausha chenyewe.

#15 Mzee_Karakana
Ndiyo hiyo hiyo faida niliyosema, mwalimu. Hapa pwani kukausha ndiyo kazi yote.

#16 Kiota_Nyali
Ahsanteni nyote, nimesoma kila neno. Majibu:

Mkoba ni wa ngozi, ndiyo, Binti. Ulikuwa wa baba pia.

Nilimimina kutoka upande wa chemba, lita kama mbili hivi. Bolti niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, sikuiosha kwa maji. Hapo nimekosea, naona.

Na maji… Jumamosi mfereji ulikuwa umekauka siku ya nne. Nilitumia ya kisima.

#17 Binti_Shabaha
Ya kisima! Kisima cha Nyali!

#18 Pweza_wa_Likoni
Wallahi nilijua tu bahari imo. Ya kisima cha huku hata chai inakataa, maziwa yanakatika. Umechukua bahari ukaichemsha ukaimwaga ndani ya mtutu wa mzee wako. Chumvi ya bahari siyo kama ya mezani, Mwalimu, ina na ile kloridi ya magnesiamu ambayo inalowa hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33. Hiyo Mombasa haikauki kamwe, usiku wala mchana.

#19 Mwalimu_wa_Kemia
Magnesiamu ni kweli, nakupa hiyo. Bado nauliza: bolti haikuguswa na maji ya kisima, kasema mwenyewe kaifuta kwa mafuta. Ukwaruzo wa usoni mwa bolti umetoka wapi kama si fataki?

#20 Pweza_wa_Likoni
Mikono yake yenye jasho la Jumamosi.

#21 Mlenga_Tanga
Hahaha, haya sasa jasho nalo limeingia kwenye orodha.

#22 Mzee_Karakana
Msicheke, jasho linakula chuma. Tulikuwa na kijana mmoja karakana ambaye akishika bunduki bila kitambaa, kesho yake alama za vidole vyake zinaonekana nyekundu. Tukampa glavu.

#23 Msimulizi_Old_Town
Naruhusuni nichepuke kidogo. Mkiingia Fort Jesus kuna mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizikia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake yote kumi majini, wakaisafisha, wakaiburuta nchi kavu na kupigania. Mmoja ndio huo tunapigia picha na watoto siku ya Idi. Na humo humo makumbusho kuna vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697, wapiga mbizi wakaichimbua kati ya 1977 na 1980. Chuma kilichokaa baharini hakipakwi mafuta kikitoka. Kinaloweshwa kwenye maji matamu, maji yanabadilishwa tena na tena, kwa miezi, mpaka chumvi iishe ndani ya vinyweleo vya chuma. Ukikianika kabla, kinapasuka magamba mbele ya macho yako.

Nasema hivyo kwa sababu Kiota huenda ana chumvi ya zamani zaidi kuliko Jumamosi. Baba yake alipiga hizi risasi miaka mingapi? Vishimo vidogo vya kutu ya zamani vinaficha chumvi, na birika moja haivitoi.

#24 Mswahili_Ujerumani
Hii ya #23 ndiyo naiona nzito kuliko zote. Inaeleza kwa nini kutu ilirudi ndani ya siku tatu tu.

#25 Binti_Shabaha
Na mimi bado niko kwenye ngozi. Bunduki ya moto, imetoka kumiminiwa maji, imefungiwa ndani ya mkoba wa ngozi siku tatu za mwezi wa tano. Mngeweka mkate humo mngetoa ukungu.

Kwa swali lako hasa, Kiota: risasi za baba usizitupe ovyo. Ukiamua kuachana nazo, peleka kituo cha polisi zikatolewe kwenye hesabu, uchukue na karatasi. Lakini mimi ningezipiga. Zinalenga vizuri, umesema mwenyewe. Piga asubuhi, osha palepale uwanjani kwa maji ya chupa, mtutu na bolti na chemba, kausha, mafuta, kisha rudia siku mbili zinazofuata. Kama huna siku hizo mbili mbele yako, piga za kisasa.

#26 Fundi_Majengo
Mimi bado nasema aziache. Mtu ana kazi, ana watoto, ana harusi. Siku moja atachoka.

#27 Kiota_Nyali
Wadau, nimerudi baada ya siku nane. Nilichukua misumari minne ya inchi nne, nikaisugua yote kwa msasa mpaka ikawaka. Wa kwanza nikauchovya maji ya kisima. Wa pili maji ya mfereji, yalipotoka, haya yanayoletwa kutoka chemchemi za Mzima. Wa tatu nikaupaka masizi yaliyotoka kwenye maganda ya risasi za baba, nikaufunika mafuta. Wa nne nikaupaka masizi ya maganda ya kisasa. Nikaipanga kwenye sahani.

Siku ya pili: wa kisima mwekundu wote. Wa masizi ya baba una madoa chini ya mafuta, madogo, meusi kwanza halafu mekundu, sawasawa na madoadoa niliyoyaona mbele ya chemba. Wa Mzima una rangi kidogo ncha moja. Siku ya nne hata wa risasi za kisasa ulikuwa umeanza.

Mtutu wenyewe nimeuosha kwa maji ya Mzima mara tano, siku tano. Kitambaa cha jana kimetoka cheupe. Madoadoa yapo bado ukimulika tochi, ila hayajaongezeka. Mkoba nimeuweka ukutani kama pambo.

#28 Mwalimu_wa_Kemia
Wa tatu umenipa haki: madoa chini ya mafuta, kama alivyosema Mjerumani wetu.

#29 Pweza_wa_Likoni
Na wa nne umenipa mimi. Risasi za kisasa, na kutu imekuja.

#30 Mzee_Karakana
Mwanangu, umefanya kazi nzuri na baba yako angefurahi. Hiyo sahani ya misumari uliiweka wapi?

#31 Kiota_Nyali
Dirishani, Mzee. Upande wa bahari.

#32 Mzee_Karakana
Rudia ndani ya kabati.

#33 Kiota_Nyali
Nimeanza leo. Misumari mipya, kabati la chumbani, mlango umefungwa. Nitaleta picha Ijumaa baada ya swala.